Kombora la Nirbhay: jaribio likifeli, ni nini hasa kilichofeli?

Tarehe 16 Oktoba 2015, saa tano na dakika 38 asubuhi kwa saa za India, kombora liitwalo Nirbhay liliruka kutoka Chandipur, kwenye pwani ya jimbo la Odisha. Roketi ya kulisukuma iliwaka, ikajitenga ilipotakiwa kujitenga, mabawa yakafunguka, injini ikashika, kombora likafika kimo chake. Hatua zote ambazo kwa kawaida huwanyima mafundi usingizi zilipita salama. Sekunde 700 hivi baada ya kuruka, likiwa limekwenda kilomita 128, likatumbukia katika Ghuba ya Bengali. Kwa mtu wa Lubumbashi, huo ni mwendo wa kutoka hapa mjini hadi kuipita Likasi kidogo. Nalo lilikuwa limeundwa kwenda kilomita 1,000, sawa na kutoka Lubumbashi hadi Bukavu kwa mstari ulionyooka.

Habari ilifupishwa kwa neno moja: limefeli. Mwaka 2014 neno lilikuwa "limefaulu", mwaka 2016 likarudi "limefeli", mwaka 2017 "limefaulu" tena. Anayefuata vichwa vya habari peke yake hubaki akidhani kwamba mafundi wanabahatisha. Sivyo. Kila mara kilichoharibika kilikuwa kitu kingine, mahali pengine pa safari, na ukijua ni wapi unajua pia kazi imefika wapi. Nirbhay linafaa kwa somo hili kwa sababu safari zake, njema na mbaya, zimeelezwa hadharani kuliko za makombora mengi ya aina yake.

Ndege, si jiwe la manati

Wengi wakisikia kombora wanaona kitu kinachopanda wima kwa moshi na kishindo. Katanga yenyewe ina kumbukumbu ya namna hiyo. Miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000, karibu mara nne ya Rwanda, ikarusha roketi tatu kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua: tarehe 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978. Ya tatu ilipinda na kuanguka, Mobutu mwenyewe akitazama. Siku zile yalienea madai kwamba kule Luvua panajaribiwa makombora ya kruzi. Mtu anayezijua silaha hizo asingeyakubali: chombo cha OTRAG kilikuwa fungu la mabomba ya mafuta yaliyofungwa pamoja, kikipanda wima na kujiongoza kwa kupunguza nguvu ya injini za upande mmoja. Hakikuwa na bawa.

Roketi kama ile hufuata njia ya jiwe la manati. Inasukumwa kwa muda mfupi, injini inazimika, na kinachobaki ni kasi na uzito wake. Kombora la kruzi ni ndege kamili isiyo na rubani. Mabawa yanalibeba, mapezi ya mkia yanaligeuza, na injini yake inavuta hewa ya nje kama zile za ndege zinazotua kwenye uwanja wetu wa Luano. Injini hiyo hufanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikizimika njiani, safari imekwisha.

Nirbhay lina urefu wa mita 6 na kipenyo cha sentimita 52. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 2.7. Linaporushwa lina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mwendo wake ni 0.7 ya kasi ya sauti, karibu kilomita 850 kwa saa likiwa chini. Hiyo ni kasi ya ndege ya abiria, wala haimshangazi mtu. Thamani yake iko kwingine: linaweza kuruka chini sana, kugeuka mara nyingi, kuzunguka na kurudi, kisha kufika mahali palipokusudiwa. Kwa hiyo ugumu wa kulitengeneza ni ugumu wa kutengeneza ndege ndogo inayowashwa mara moja tu maishani mwake, bila mtu ndani wa kusahihisha chochote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kombora la V-1 la Ujerumani, lililorushwa kwa wingi dhidi ya Uingereza mwaka 1944, lilishika mwelekeo kwa jairoskopu, kifaa cha kuhisi mgeuko, na puani lilikuwa na panga dogo lililozungushwa na upepo. Mizunguko ikitimia idadi iliyopangwa, kombora linaelekea chini. Liliweza kuupata mji, si nyumba. Sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa tangu hapo ni kutafuta kitu bora kuliko lile panga.

Sekunde za mwanzo

Nirbhay husimamishwa juu ya gari lake. Roketi ya mafuta makavu hulinyanyua wima, kisha linainamishwa hadi kulala sawa na ardhi, roketi inaachia, mabawa yaliyokuwa yamekunjwa yanafunguka, injini inawashwa. Maneno machache, lakini ndani yake mna pengo la hatari. Roketi ikishaachia hakuna kinachosukuma, na mabawa yasipokuwa yamefunguka hakuna kinachobeba. Kasi inaliwa na upepo kila sekunde. Kama injini haijashika kabla kasi haijashuka mno, haitashika tena.

Injini ya namna hii haina sitata ya gari yenye betri nzito. Katika makombora mengi ya kundi hili kuna ganda dogo la baruti. Likichomwa, gesi yake inaizungusha turbini hadi ipate kasi ya kujitegemea, mafuta yanaingia, moto unashika. Ganda ni moja. Kama hewa inaingia kwa mshazari kwa sababu kombora bado linainama, au mafuta yamechelewa kidogo, moto unapulizwa na kuzimika. Mkazi yeyote wa Lubumbashi mwenye jenereta anajua kwamba iliyolala miaka miwili haikubali kwa mvuto wa kwanza. Kombora hulala ghalani miaka mingi na linadaiwa likubali kwa mvuto huo huo.

Mabawa nayo yana kesi yao. Tarehe 21 Desemba 2016, katika safari ya nne, roketi ilifanya kazi vizuri, lakini dakika mbili hivi baadaye Nirbhay likaanza kuvuta upande mmoja, likatoka nje ya ukanda wake wa usalama, likaharibiwa kwa amri kutoka chini. Kilichoshukiwa ni kasoro ya kifaa kwenye bawa moja. Bawa likichelewa kufunguka, au likikaa kwa pembe iliyopishana kidogo na ya mwenzake, upande mmoja unabebwa kuliko mwingine na chombo kinataka kubingirika. Kompyuta inapigana nalo kwa mapezi ya mkia. Mapezi yana kikomo; yakifika mwisho wa kugeuka kwake, kinachoamua ni upepo.

Mtu anaweza kuuliza, mabawa hayakujaribiwa karakanani? Yalijaribiwa, lakini mezani hakuna upepo. Kwa mwendo wa mita 200 kwa sekunde, shinikizo la hewa kwenye uso unaoikabili hufika karibu tani 2.4 kwa kila mita ya mraba. Bawaba iliyofunguka vizuri mara mia mezani inaweza kugoma chini ya mzigo huo, hasa kama grisi imekauka au komeo lina uchafu kidogo. Ndiyo maana mafundi makini hufungua mabawa huku wakiyakandamiza kwa mashine, ndani ya baridi kali, ndani ya joto kali, na baada ya kuyatikisa kwa saa nyingi. Bajeti ikibana, jaribio la namna hii huwa la kwanza kukatwa, na ni kosa kubwa, maana gharama iliyookolewa hulipwa baharini.

Kujua uko wapi

Safari ya kwanza, tarehe 12 Machi 2013, ilikatizwa njiani baada ya kombora kuiacha njia yake. Mabawa na injini vilikuwa vimefanya kazi. Tatizo lilipatikana katika mfumo wa urambazaji wa ndani, yaani kile kifurushi cha jairoskopu na akselerometa kinacholiambia kombora limegeuka kiasi gani na limesukumwa kiasi gani.

Mfumo huu hauangalii nje. Unajumlisha tu: nimesukumwa hivi, kwa muda huu, basi niko hapa. Anayejumlisha bila kutazama nje huongeza kosa lake kadiri muda unavyopita. Akselerometa iliyokosea kwa sehemu moja ya elfu kumi ya mvuto wa dunia, kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi, inaleta kosa la karibu mita 180 baada ya dakika 10. Mifumo mizuri ya ndege za kawaida hupotea takriban kilomita 1.8 kwa kila saa. Halafu kuna kosa la mwanzo, ambalo ndilo chungu zaidi kwa kuwa linaweza kuepukika: kama mwelekeo uliowekwa kabla ya kuruka umepinda nyuzi 1 tu, baada ya kilomita 100 kombora litakuwa limekwenda kando kilomita 1.75. Mwashi anayepiga kamba vibaya kwenye msingi anaijua hesabu hii.

Dawa ni kusahihisha njiani. Setilaiti za urambazaji hutoa mahali kwa usahihi wa mita chache, ila mawimbi yake ni dhaifu na huweza kuzibwa na adui. Wamarekani, katika Tomahawk la awali, walitumia ramani ya miinuko: rada inapima ardhi iliyo chini, kompyuta inalinganisha vilima na mabonde hayo na ramani iliyohifadhiwa. Njia hiyo ni nzuri sana juu ya nchi kavu. Juu ya bahari haina la kushika, kwa sababu maji hayana vilima.

Upande wa vitendo, kinachoua vifurushi hivi mara nyingi ni mtikisiko. Roketi ya kurushia hutikisa kwa nguvu ambazo injini haitazifikia tena safari nzima. Kama bamba lililofungiwa kifurushi linaitikia mdundo huo, jairoskopu husoma mtikisiko kama mgeuko, na kompyuta inaamini. Tiba yake ni bamba gumu zaidi, vibanio vya mpira vilivyochaguliwa kwa hesabu, na meza ya kutikisia inayoiga roketi yenyewe badala ya mtikisiko wa kubuni. Kasoro ya 2013 ilirekebishwa, na katika safari ya pili, 17 Oktoba 2014, Nirbhay liliruka kwa saa 1 na dakika 10 na kupita kilomita 1,000. Ndege ya Jaguar ya jeshi la anga la India ililifuata ikipiga picha. Gawanya mwenyewe: ni karibu kilomita 857 kwa saa, ile ile 0.7 iliyoahidiwa. Hesabu ndogo kama hiyo ni chombo kizuri cha kupimia tangazo lolote, na ni vizuri kuifanya kila mara umbali na muda vinapotajwa pamoja.

Kwa nini kushuka ni vigumu kuliko kupaa

Turudi kwenye ile safari ya 2015, maana hapo ndipo kiini cha silaha hii kilipo. Mpango ulikuwa kulishusha kombora ngazi kwa ngazi kutoka mita 4,800 hadi mita 20 juu ya maji. Mita 20 ni chini mno ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaloonekana kutoka kila kona ya Lubumbashi.

Kwa nini kujitesa hivyo? Kwa sababu dunia ni duara na mawimbi ya rada hayapindi sana. Rada iliyo juu ya mnara wa mita 20 huweza kuona kitu kilicho katika kimo cha mita 5,000 kutoka umbali wa kilomita 310 hivi, zaidi ya dakika 20 kabla hakijafika. Kitu hicho hicho kikishuka hadi mita 20, kinachomoza kwenye upeo kikiwa kilomita 37 tu, na anayejilinda anabaki na dakika mbili na nusu. Kombora la kruzi lisiloweza kuruka chini ni ndege ya polepole inayosubiri kuangushwa. Hapo utaelewa kwamba kufaulu kwa 2014, kwa kilomita zake zote 1,000, bado kulikuwa hakujagusa swali kubwa.

Sasa tazama ugumu wake. Kimo hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni shinikizo la hewa, kama katika ndege zote. Karibu na bahari, badiliko la hektopaskali 1 ni sawa na mita 8 na kidogo. Katika nchi za joto hewa hupanda na kushuka hektopaskali 2 au 3 kila siku hata pasipo dhoruba, yaani kosa la mita 20 au zaidi. Ukitaka kuruka mita 20, kosa lako ni kubwa kama kimo chenyewe. Kwa hiyo chini huko hutegemewa njia ya pili, altimeta ya rada: inatuma wimbi chini na kupima muda wa kurudi. Kutoka mita 20 wimbi linarudi baada ya nanosekunde 133, yaani sehemu 133 za bilioni moja za sekunde, na elektroniki inapaswa kuutambua muda huo bila kubabaika.

Mawimbi ya bahari huyumbisha jibu. Kugeuka huyumbisha zaidi. Kombora likilala upande kwa nyuzi 60 likiwa mita 20, antena inatazama kwa mshazari na kusoma mita 40. Programu isiyolijua hilo itasema tuko juu mno, shuka. Hatari nyingine iko pale kompyuta inapoacha kusikiliza kipimo cha hewa na kuanza kusikiliza rada: vipimo viwili vikipishana kwa mita 15, na makabidhiano yakafanywa ghafla, pua inaelekezwa chini kwa kishindo. Na hakuna muda wa majuto. Kwa mwendo wa mita 240 kwa sekunde, pua ikiinama nyuzi 2 tu, kombora linashuka mita 8 na nusu kila sekunde. Kutoka mita 20 liko majini baada ya sekunde mbili na nusu.

Hewa yenyewe pia inabadilika. Karibu na bahari ni nzito mara 1.6 hivi kuliko kwenye mita 4,800, kwa hiyo pezi likigeuka kiasi kile kile, kwa mwendo ule ule, linasukuma kwa nguvu mara 1.6. Programu lazima ilegeze mkono wake kadiri kombora linavyoshuka. Isipolegeza, kila sahihisho linakuwa kubwa kuliko kosa, chombo kinaanza kupanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, na mpando mmoja ukizidi, mshuko unaofuata unagusa maji. Ndiyo sababu kushuka hupangwa kwa ngazi: kila ngazi kombora linakaa, vipimo vinatumwa chini, wataalamu wanatazama kama mtikisiko unakua au unatulia.

Mwaka 2017, tarehe 7 Novemba, Nirbhay lilikwenda kilomita 647 kwa dakika 50. Tarehe 15 Aprili 2019 likakwenda kilomita 650, kama kutoka hapa hadi Kalemie kwa njia ya ndege, kwa dakika 42 na sekunde 23, likipita vituo vilivyopangwa na kubadilisha kimo kati ya mita 5 na kilomita 2.5. Mita tano. Kilichokuwa kimeshindikana 2015 kilikuwa sasa kimefanyika kwa kina zaidi, na ni kosa kuzihesabu safari hizo mbili kama alama moja ya kushindwa na moja ya kushinda zinazofutana.

Injini ya nani?

Neno "limetengenezwa nchini" linahitaji kuulizwa maswali. Kwa miaka mingi Nirbhay liliruka kwa injini ya Kirusi, 36MT ya kiwanda cha NPO Saturn. Mwili, programu na urambazaji vilitoka Bengaluru, kwenye taasisi ya ADE iliyo chini ya shirika la utafiti wa ulinzi DRDO, moyo ulinunuliwa. Nchi inayonunua moyo hupewa idadi anayoitaka muuzaji, kwa wakati anaoutaka. Uturuki ilikuwa na shida hiyo hiyo na injini za Kifaransa kwenye makombora yake, ikaamua kuunda KTJ-3200.

India iliunda Manik, injini yenye msukumo wa takriban kilo 450, kazi ya taasisi ya GTRE, nayo ya Bengaluru. Udogo wa injini hausaidii. Turbini ndogo lazima izunguke makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika ili ifanye kazi ya maana, na nafasi kati ya ncha ya pangaboi na ukuta wake hupimwa kwa sehemu za milimita. Ikizidi, hewa inavuja na nguvu inapotea. Ikipungua, pangaboi linasugua ukuta mara tu chuma kinapopanuka kwa joto. Beringi hazina muda wa kuzoeana. Zinatoka kwenye baridi ya ghala hadi kasi kamili kwa sekunde chache.

Hapa Lubumbashi ina lake la kusema. Sehemu zinazopigwa na moto katika injini za ndege hutengenezwa kwa aloi za nikeli na kobalti, kwa kuwa chuma cha kawaida kinalegea kwenye joto lile. Vita vya Kolwezi vilipotokea Mei 1978, bei ya kobalti ilipaa, na huko Marekani watafiti wakaanza kutafuta aloi zenye kobalti kidogo. Askari wa Ufaransa walishuka Kolwezi kwa parachuti tarehe 19 Mei. Kesho yake OTRAG ikarusha roketi yake ya pili kule Luvua. Madini yanayozifanya injini hizi ziwezekane hutoka kwenye udongo tunaoukanyaga, na inauma kwamba maelezo ya kazi yake hapa kwetu ni haba kuliko madini yenyewe.

Tarehe 12 Oktoba 2020 safari nyingine ya Nirbhay ilikatizwa baada ya dakika 8 kwa hitilafu. Tarehe 11 Agosti 2021 kombora likaruka na Manik. Kubadilisha injini hurudisha nyuma saa ya mradi kuliko watu wanavyodhani: uzito unahama, hewa inaingia kwa namna nyingine, mtikisiko una mdundo mpya, na kile kifurushi cha urambazaji kilichokwisha tulizwa kinapaswa kutulizwa upya.

Mkono juu ya kitufe

Kila safari ina ukanda uliochorwa baharini. Siku ya kurusha, marubani na manahodha hupewa ilani ya kuepuka eneo hilo, wakazi wa vijiji vilivyo jirani na uwanja wa Chandipur huhamishwa kwa muda na kulipwa fidia. Kombora linatuma vipimo vyake bila kukoma: kimo, kasi, joto la injini, pembe ya kila pezi, umeme wa betri. Ardhini afisa wa usalama hatazami kama kombora linafanya vizuri. Anatazama alama moja, mahali ambapo vipande vitaanguka kama safari ikikatwa sasa hivi. Alama hiyo ikikaribia mpaka wa ukanda, anabonyeza. Waunda kombora hawana kauli juu ya mkono wake, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa maana mtu aliyelilea kombora kwa miaka sita daima atataka sekunde tano zaidi.

Kwa hiyo habari inaposema "limeharibiwa angani kwa amri", usisome kwamba mfumo wote ulivunjika. Sehemu moja ilivunjika, nyingine ikafanya kazi yake barabara. Kinyume chake kilionekana tarehe 9 Machi 2022, siku India ilipofyatua kwa bahati mbaya kombora la BrahMos, ambalo ni la aina nyingine na la kasi zaidi, likaangukia Mian Channu, ndani ya Pakistan. Hakuna aliyekufa. Maofisa watatu waliachishwa kazi.

Baada ya kushindwa, kazi huanzia kwenye saa. Mafundi wanatafuta sekunde ambayo kipimo cha kwanza kiliacha kuwa cha kawaida, kisha wanauliza ni vitu gani vingeweza kusababisha badiliko hilo na kufuta kimoja kimoja. Mtihani mgumu ni kurudia kasoro karakanani kwa makusudi. Kama huwezi kuirudia, hujaipata, hata kama una mtuhumiwa anayefanana nayo. Mwezi mmoja wa papara hapo huzaa ajali ya pili. Kati ya safari za mwanzo za Nirbhay kulipita miezi 19, 12, 14 na 11, na muda huo si uzembe.

Tano hazitoshi

Katika safari tano za kwanza Nirbhay lilifaulu mara mbili. Tuseme lingefaulu zote tano. Je, jeshi lingeweza kuliamini? Hesabu ya uwezekano inajibu vibaya: ukifaulu mara 5 kati ya 5, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kombora litafanya kazi angalau mara 55 katika 100. Kumi kwa kumi inakupa asilimia 74. Ili useme asilimia 90 kwa uhakika ule ule, unahitaji safari 29 mfululizo bila kasoro. Hakuna nchi inayotupa makombora 29 ya bei hiyo baharini kwa ajili ya hesabu. Zaidi ya hayo, safari hazihesabiki pamoja kirahisi, kwani kombora la 2019 halikuwa lile la 2013.

Pengo linajazwa ardhini. Kompyuta halisi ya kombora inaunganishwa na uigaji, ikidanganywa kwamba inaruka, na kulishwa upepo mbaya, kihisi kilichokufa na setilaiti zilizopotea, maelfu ya mara. Injini inaendeshwa kwenye chumba kinachoiga hewa nyembamba ya juu. Vihisi vinabebwa chini ya ndege yenye rubani na kupitishwa juu ya bahari ile ile. Kwa hiyo mradi wenye safari chache zilizoandaliwa hivyo unaaminika kuliko wenye safari nyingi za kujionyesha.

Tarehe 18 Aprili 2024 kombora lenye injini ya Kihindi liliruka kutoka Chandipur, likipita vituo vyake na kushuka chini kabisa juu ya maji. Tarehe 12 Novemba mwaka huo huo ikafuata safari ya kwanza ya mrithi wake, LRLACM, kombora la kruzi la masafa marefu la kushambulia nchi kavu, kutoka kwenye gari la kurushia. DRDO ilitangaza kwamba sehemu zote zilifanya kazi. Hiyo bado ni safari iliyorushwa na waundaji, kwa kombora walilolichagua na kulikagua wenyewe. Inayobaki ni ile ambayo askari wa kawaida anaingia ghalani, anaokota sanduku lolote bila kuchagua, analipakia kwenye gari, na analirusha siku ambayo hakuna mhandisi aliyeipanga.